Pimeni Bunduki Kwanza

Kuna maneno mawili ningependa yapigwe marufuku katika kila ukumbi wa gemu: "Huna shabaha." Husemwa na mhudumu, husemwa na rafiki, na wakati mwingine husemwa na mashine yenyewe pale inapoonesha asilimia ya risasi ulizopata kwa namba kubwa zinazomulika. Anayeambiwa huirudisha bunduki ya plastiki mahali pake, akacheka kidogo kuficha aibu, akaondoka akiwa ameamini. Hakuna anayeuliza swali ambalo kwingine kokote panapouzwa kitu kwa kipimo lingekuwa la kwanza. Hii mizani ilihakikiwa lini?

Nimefanya kazi miaka miwili na nusu kama fundi wa mashine katika ukumbi wa michezo ya kulipia, ndani ya jengo la maduka hapa Dar es Salaam. Nilifungua mashine zilizokufa, nikabadilisha vitufe vilivyonatia soda, nikachomoa sarafu za nchi ambazo sijawahi kufika. Lakini mashine zilizonifundisha zaidi tabia za watu ni zile za kupiga risasi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili asiyekubaliana nami aanze kukasirika sasa hivi: ukumbi unaotoza pesa kwa mchezo wa shabaha bila kuhakiki bunduki zake unauza bahati nasibu kwa jina la ustadi. Pesa inachukua, na lawama ya kukosa inamwachia mteja.

"Lakini ni mchezo tu." Jibu hili nimepewa hata na watu wenye shahada mbili. Sawa, ni mchezo, ila tokeni hainunuliwi kwa pesa za mchezo. Sijawahi kumsikia mwenye bucha akimwambia mteja aliyepunjwa robo kwamba ni nyama tu. Nchi hii imepiga kelele miaka mingi kuhusu lumbesa, lile gunia la viazi au vitunguu linaloongezwa kilemba juu mpaka mkulima anatoa gunia na ziada kwa bei ya gunia moja. Tuna Wakala wa Vipimo, tuna stika kwenye mizani na kwenye pampu za mafuta. Maana yake tunaelewa, kama jamii, kwamba kipimo kibovu kina mtu anayeumia. Bunduki ya gemu nayo ni kipimo. Inapima jicho na mkono, na inatoza kila inapopima.

Inabidi niifungue hiyo bunduki, kwa sababu hoja yangu imelala humo ndani.

Wengi hawajui kwamba bunduki ya gemu haitoi kitu. Zamani ilitoa. Mashine iliyoitwa Ray-O-Lite, ya kampuni ya Seeburg ya Marekani, 1936, ilikuwa na bunduki iliyorusha mwale wa mwanga kwenda kwa bata wa bandia, na ndani ya bata kulikuwa na kihisio. Mwale ukimfikia, bata kapatikana. Televisheni zilipokuja, mambo yakageuka: kioo ndicho kinachotoa mwanga, na bunduki ndiyo inayoupokea. Waliowahi kucheza Duck Hunt ya Nintendo nyumbani wanaikumbuka Zapper. Ukivuta triga, kioo kizima kinakuwa cheusi kwa muda mfupi mno, kisha mahali pa bata panachorwa kisanduku cheupe. Bunduki ikiona giza halafu mwanga, umepata. Ikiona mwanga kabla ya wakati wake, inajua kuna mtu anailenga taa ya sebuleni. Ni ujanja ninaouheshimu sana. Inajibu ndiyo au hapana tu, na kisanduku chenyewe ni kikubwa, kwa hiyo hata mwenye mkono unaotetemeka anapata haki yake.

Gemu za kumbi zilitaka zaidi. Hazikutosheka kujua kama umepata. Zilitaka kujua umepiga wapi hasa. Hapo ndipo TV ya chogo ilipotoa msaada wake. Picha ya chogo huchorwa na nukta moja inayokimbia kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini, mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea mfumo wa nchi. Nukta ikipita mbele ya lenzi ya bunduki, kihisio kinashtuka, mashine inaangalia saa yake, na kutokana na muda huo inajua nukta ilikuwa wapi. Yaani mahali ulipolenga hupimwa kwa saa.

Sasa piga hesabu. Sehemu inayoonekana ya mstari mmoja kwenye TV ya kawaida ya chogo huchukua kama mikrosekunde 52, na mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kioo kikiwa na upana wa sentimita 50, kihisio kikichelewa mikrosekunde moja tu, risasi yako imehamia kulia karibu sentimita nzima. Na kihisio hakichelewi kwa kiasi kilekile siku zote. Kioo king'avu hukishtua mapema. Kioo kilichozeeka na kufifia, au lenzi iliyopakwa vumbi na mafuta ya chipsi, hukichelewesha. Bunduki iliyosetiwa vizuri Januari inaweza kuwa imeanza kupiga kando kufikia Juni, na hakuna mtu aliyeigusa.

Nawaambia haya hasa wapenzi wa vya kale, wale wanaoapa kwamba enzi za chogo bunduki hazikuwa zikikosea. Zilikuwa zikikosea. Tofauti ni kwamba kila baada ya muda kulikuwa na fundi aliyezirudisha kwenye mstari. Hata zile zilizofungwa kwenye stendi zisizotumia mwanga kabisa, kama za Terminator 2: Judgment Day ya Midway, 1991, zina potenshiometa mbili ndani, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini. Ni jamaa wa kile kitufe cha sauti cha redio ya mzee wako kinachokwaruza ukikizungusha. Kikichakaa pale, kinachakaa na hapa.

Chogo zimekwisha. TV bapa haina nukta inayokimbia ya kushtua kihisio kwa mtindo ule, na juu ya hapo huipokea picha, ikaikorogakoroga kwanza, ndipo ikaionesha. Kwa hiyo bunduki za siku hizi zina kamera. Nyingine hutazama vitaa vya infraredi vilivyobandikwa kuzunguka kioo, mwanga ambao macho yetu hayauoni; Wii ya Nintendo ilifanya hivyo 2006 kwa kijiti chenye vitaa kwenye ncha zake mbili. Nyingine, kama Sinden, hutazama fremu nyeupe inayochorwa kuzunguka picha. Kutokana na inachokiona, programu inakokotoa mtutu umeelekea wapi. Hesabu hiyo ni nzuri mradi tu umeiambia ukweli: vitaa viko wapi, kioo kina upana gani.

Katika ukumbi wetu hakuna aliyeiambia ukweli. Mashine ilizaliwa na chogo. Chogo ilipokufa, mwenye ukumbi akanunua kioo bapa kipana zaidi ya kile cha mwanzo, akaagiza mtandaoni vifaa vya infraredi, na vyote vikaingizwa kwenye kabati lilelile. Vitaa vikabandikwa palipopatikana nafasi. Kisha bunduki "zikasetiwa". Kuseti maana yake ilikuwa hivi: fungua mlango wa sarafu, bonyeza kitufe cha majaribio, menyu inaonesha alama ya msalaba katikati ya kioo, piga, menyu inasema sawa, funga mlango. Sekunde 15.

Alama moja ya katikati hurekebisha jambo moja tu. Inasogeza makosa yote kwa pamoja mpaka katikati pakae sawa. Kipimo chenyewe haikigusi. Fikiria utepe wa fundi cherehani uliovutika: kwenye sifuri uko sahihi, kwenye sentimita kumi hutaona kitu, ukifika urefu wa gauni umeshaharibu kitambaa cha mtu. Ndivyo ilivyokuwa. Katikati bunduki ilipiga kama malaika, na kadiri ulivyokwenda pembeni ndivyo ilivyokuwa ikipotea. Adui wa gemu hizi, kwa wasiozijua, hutokea pembeni. Anachungulia nyuma ya nguzo, anainuka dirishani, anatoka ukingoni mwa kioo na kukufyatulia kabla hujakaa sawa. Katikati ndiko anakosimama bosi wa mwisho, ambaye mtoto mwenye tokeni moja hatafika kumwona.

Idi mosi ukumbi ulifurika, na nilikuwa zamu. Binti wa miaka tisa hivi, gauni jipya, hina mkononi, alisimama na kaka yake mbele ya mashine ile. Kila mmoja alikuwa na tokeni moja. Kaka mtu akachukua bunduki ya bluu, yeye ikambakia nyekundu. Dakika haikuisha mashine ikamwambia binti mchezo wake umekwisha. Kaka aliendelea, akafika hatua ya pili. Mhudumu, kijana mpole tu asiye na ubaya na mtu, akamwambia yule mtoto, "Pole mdogo wangu, bunduki mambo ya wanaume haya." Kaka akacheka bila kugeuka. "Si nilikwambia?"

Binti akanitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimeshika bisibisi.

"Anko, mbona nilimlenga kabisa?"

Nilikuwa nimeshaandika kuhusu bunduki ile kwenye daftari la matengenezo wiki tatu kabla. Jibu la bosi lilikuwa fupi: "Mashine inaingiza. Unataka nini zaidi?" Usiku ule baada ya kufunga nikapima kwa rula ili niwe na namba ya kumwonesha. Bunduki nyekundu, katikati: sawa. Bunduki nyekundu, ukingo wa kulia: sentimita sita kushoto ya nilipolenga. Bunduki ya bluu, ukingo uleule: sentimita moja na nusu. Kichwa cha adui anayetokea pale kilikuwa na upana wa sentimita tano. Yaani aliyemlenga katikati ya paji la uso kwa bunduki nyekundu alipiga ukuta, na aliyemlenga hivyohivyo kwa bluu alimwangusha.

Watoto wawili wa nyumba moja walirudi kwao siku ile wakiwa na habari mbili kuhusu wao wenyewe, na zote mbili zilikuwa za uongo. Habari ya kaka ndiyo inayonisumbua zaidi. Binti angalau alishuku.

Kuna kundi jingine linalonipinga, nalo ni la wenyeji wa ukumbi, vijana wanaokuja kila Jumamosi. Hao wanajua kila kitu. "Nyekundu inavuta kushoto, kule kulia lenga nje ya sikio." Wanauita uzoefu na wanajivunia, na bosi alikuwa akiwatolea mfano: mbona hawa wanaweza? Wanaweza kwa sababu wameulipia ubovu wa mashine kwa tokeni nyingi hadi wakaukariri. Ujuzi huo haukufai kwenye mashine nyingine yoyote duniani. Haukufai hata kwenye bunduki iliyo kando yake. Mtoto anayefika ukumbini mara mbili kwa mwaka, Idi na Idi au Krismasi na Pasaka, hana pesa ya kuukariri. Ndiye anayelipa gharama ya fundi ambaye hakuitwa.

Halafu ikaja suluhisho la kisasa: kuwasha alama ya msalaba inayoonekana kwenye kioo wakati wote, ikufuate unapoelekeza mtutu. Wateja wakaacha kulalamika. Bosi akaniambia, unaona? Niliona. Niliona watu wakiacha kutazama ncha ya mtutu na kuanza kukokota kialama kioo kizima, kama mtu anayetumia mausi ya kompyuta. Kosa lilikuwa palepale, sentimita sita zilezile, ila sasa mchezaji analifidia mwenyewe bila kujua, na kufidia kunakula muda. Ongeza ucheleweshaji wa kioo bapa. Adui anayekivuka kioo cha sentimita 50 kwa sekunde moja, picha ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, yuko sentimita tano mbele ya unapomwona. TV nyingi zina mpangilio maalumu wa gemu unaopunguza ucheleweshaji huo. Yetu ilikuwa nao pia. Ulikuwa umezimwa, kwa sababu rangi zilipendeza zaidi hivyo.

Nikirudi kwenye menyu ile iliyofungiwa nyuma ya mlango wa sarafu, hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Time Crisis ilipoletwa nyumbani kwenye PlayStation ikiwa na bunduki ya GunCon, mchezaji mwenyewe aliambiwa aisawazishe bunduki yake kabla ya kucheza. Namco hiyohiyo, gemu hiyohiyo. Mtoto sebuleni alikabidhiwa mizani mkononi. Ukumbini, anakolipa kwa kila mchezo, mizani ina kufuli na ufunguo uko kwa muuzaji. Nimeambiwa kwamba wateja wakiachiwa wataharibu seti. Basi seti ya mteja idumu kwa mchezo wake mmoja, kisha mashine irudi kwenye ya ukumbi. Kwa programu hilo si jambo gumu. Anayelikataa ana sababu nyingine, na mimi naidhani kuwa hii: mteja akipewa nafasi ya kupima, atajua.

Wanaotetea kumbi huniambia pia kwamba hila hii ni ya zamani, kwamba hata kwenye maonesho ya Ulaya na Marekani vibanda vya shabaha vimesifika kwa bunduki zenye vilengeo vilivyopindishwa. Ni kweli vimesifika hivyo. Sioni inawasaidiaje. Aliyepinda kilengeo kwa nyundo alijua anachofanya. Huyu wa kwetu ameacha kipinde chenyewe, anavuna vilevile, na usiku analala vizuri.

Nilichokitaka ukumbini kwetu kilikuwa kidogo. Kwanza futa lenzi kwa kitambaa laini. Halafu bunduki isishikwe na mtu wakati wa kupima. Anayeseti kwa mkono anataka kazi iishe, na mkono wake utaitafuta alama hata kama hajaamua kudanganya. Ifungwe kwenye stendi ya kamera. Juu ya mtutu funga tochi ndogo ya leza, uwe umeisawazisha na kilengeo kwenye ukuta, kwa umbali uleule anaosimama mchezaji. Sasa unaona kwa macho bunduki inaelekea wapi kweli, na menyu inaonesha mashine inadhani inaelekea wapi. Pima umbali kati ya nukta hizo mbili. (Leza izimwe kabla ya milango kufunguliwa. Macho ya watoto.)

Piga mara kumi mahali pamoja bila kugusa stendi. Nukta zikitawanyika, bunduki haina uthabiti, na usipoteze muda kuiseti, kwa sababu unaseti upepo. Kihisio, waya au vitaa ndivyo vya kuangalia kwanza. Zikikusanyika, hata kama zimekusanyika mahali pasipo pake, hiyo inatibika. Kisha piga alama tisa: katikati, pembe nne, na katikati ya kila upande. Sogeza stendi nusu hatua kushoto, rudia. Halafu ishushe hadi urefu wa kifua cha mtoto wa darasa la tatu, rudia tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na kila mtu, kwa sababu anayeseti ni mtu mzima na anaseti kwa kimo chake. Mfumo wa vitaa viwili huona umbo tofauti ukitazama kutoka chini; wenye vitaa vinne hustahimili zaidi. Mashine iliyojaa watoto inasetiwa na mwanaume wa futi sita, halafu tunashangaa watoto hawapati.

Kosa lolote linalozidi nusu ya upana wa shabaha ndogo kuliko zote katika gemu hiyo, bunduki isitozwe pesa. Ivikwe mfuko. Na tarehe ya kuhakiki pamoja na kosa kubwa lililopimwa viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ubavuni mwa kabati, mahali mama wa mtoto anapoweza kusoma kabla hajafungua pochi.

Bosi alisema hana muda wa hayo. Ukumbi ulifunguliwa saa nne asubuhi na wahudumu waliripoti saa tatu. Kwa mashine moja, kazi yote hiyo, pamoja na kufunga na kufungua stendi, ilinichukua dakika 25. Mashine za bunduki zilikuwa nne.